Fenda Mbili za Catalina

Hospitali ya Kifua, Wodi ya Pili
Jumapili, 18 Oktoba 1964

Mpwa wangu Genia,

Nakusalimu wewe, dada yangu, na huyo shemeji yangu mkaidi. Mimi ni mzima kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima mahali anapopimwa homa mara nne kwa siku. Chakula kingi, chumvi hakuna. Madirisha yanaachwa wazi hata baridi ikiwa ya kugonganisha meno, eti hewa nayo ni dawa.

Jirani yangu wa kitanda ni mzee wa Kifini, anaitwa Toivo, kachimba madini ya chuma huku kaskazini miaka thelathini. Nilimwonyesha ile picha ya gari letu la Catalina iliyopigwa kwa chini, inayoonyesha chasisi. Akaitazama weee, akasema, "Zygmunt, hili si gari, ni chujio la tambi. Nani kalitoboa hivi, panya?" Nikamwambia kiwanda chenyewe ndicho kilichotoboa, kwa makusudi, ili lipungue uzito kwa ajili ya mbio, na kwamba ya namna hii yalitengenezwa kumi na manne tu. Akasema, "Basi walikuwa panya kumi na wanne." Huyo ndiye ninayelala naye chumba kimoja.

Sasa sikiliza kazi yako. Kila Jumamosi fungua plagi zote nane, tia matone machache ya mafuta katika kila tundu, kisha chukua spana kubwa uzungushe injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Usiiwashe. Ukiona inagoma, acha, niandikie. Injini haijui kwamba mwenyewe anaumwa, yenyewe inakaa tu na kushika kutu.

Rangi ya fenda za mbele, pale juu ya magurudumu, uliiona inavyobanduka. Iache. Nikirudi Juni nitaikwangua mwenyewe kwa msasa, wiki tatu za vumbi, halafu napiga rangi nyeupe, halafu uwanjani. Jumapili ya kwanza ya Julai nataka kuwa kwenye mstari wa kuanzia mbio. Nikilala hapa nikitazama dari, ndicho ninachokiona. Bila hicho, Genia, ningekwisha kugeukia ukuta.

Na ile siri yetu. Mtu akikuuliza fenda na boneti zimetengenezwa kwa madini gani, sema chuma. Yeyote yule. Hata padri. Mtu akishajua uzito wako, ameshajua namna ya kukushinda. Chuma, basi.

Usihuzunike kwamba huwezi kuja. Walio chini ya miaka kumi na sita hawaruhusiwi, na wewe unaifikisha Agosti. Niandikie Kipolandi, masista wanaokufundisha wasije wakaona wamepoteza muda wao.

Mjomba wako,
Zygmunt


Hamtramck
Jumapili, 8 Novemba 1964

Mjomba wangu mpendwa,

Salamu zetu sote zikufikie huko ng'ambo ya daraja. Siku ya Watakatifu Wote tulikwenda makaburini, tukawasha mishumaa kwa Babu na Bibi. Upepo ulizima wa Bibi mara tatu, Baba akasema mama mkwe wake hata akiwa amekufa hakubali kusaidiwa. Mama alicheka, halafu akalia. Wewe tulikuombea kwa sauti.

Shuleni ni yaleyale. Nusu ya siku tunasoma kwa Kipolandi na nusu kwa Kiingereza, na mimi nakaa kimya nusu zote mbili. Sista Kunegunda aliniuliza mbele ya darasa zima, "Genowefa, ulimi unao, au umeusahau nyumbani kwenye sahani?" Walicheka mpaka kengele ikalia. Jibu lilinijia nikiwa njiani kurudi nyumbani. Majibu yangu yote hunijia njiani.

Kazi nimeifanya. Jumamosi tatu, mizunguko miwili kila mara. Inazunguka kwa uzito lakini haigomi. Ile spana inanishinda urefu, kwa hiyo napanda juu ya kreti la bia la Baba. Mjomba, nikiwa bandani na gari sioni haya. Naliongelesha. Usimwambie mtu.

Kuna jambo moja tu linanisumbua. Lile vumbi la msasa. Jana Baba alikuwa anakula supu, akasema, "Zygmunt akikwangua rangi na kifua kile, atakohoa mpaka abaki palepale sakafuni." Mama akamwambia anyamaze. Hakuna njia nyingine ya kutoa rangi isiyo na vumbi? Nijibu.

Mpwa wako,
Genia


(Hii sikuituma.)

Hamtramck
Jumapili, 6 Desemba 1964

Mjomba,

Hukujibu kuhusu vumbi, nikaamua mwenyewe.

Nilitaka urudi Juni uzikute fenda zimeshachubuliwa, safi, zinangoja nyeupe tu, bila wewe kuvuta hata punje ya vumbi. Nilizifungua bolti moja moja, Jumamosi mbili. Nilizipeleka juzi kwa Bwana Dudek, pale karakana yake karibu na reli, wanapochovya vyuma vya zamani kwenye tangi la dawa ya moto ya kula rangi. Niliziburuta kwenye theluji kwa kijigari changu cha kutelezea nilichokuwa nacho nikiwa mdogo. Zote mbili kwa safari moja. Nilifurahi jinsi zilivyokuwa nyepesi.

Bwana Dudek alisema, "Wewe si wa dada yake Zygmunt? Hizi ndizo za lile jibini lake lenye matundu? Anaendeleaje huko?"

Nikasema anaendelea vizuri.

Akainua moja kwa mkono mmoja. Akaipima hivi, juu chini. "Mbona nyepesi namna hii? Ni chuma kweli?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema, binti, masikio yangu yalikufa zamani kwa kelele za humu. Chuma?"

"Chuma," nikasema.

Wafanyakazi wake wawili walikuwa wananitazama. Nilitaka tu waache kunitazama. Na wewe ulisema yeyote yule, hata padri. Yote mawili ni kweli, Mjomba, na sijui lipi lilikuwa zito zaidi.

"Haya, mambo ya Zygmunt anayajua Zygmunt," akasema. Akazifunga mnyororo, akazishusha. Akaenda kupokea simu ofisini.

Tangi likaanza kuchemka. Si kama sufuria ya viazi. Lilifura povu jeupe likapanda hadi ukingoni, likamwagika, na harufu ikanikaba koo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Ofisi iko hatua kumi. Nilidhani ndivyo dawa inavyofanya kazi. Hapana, naandika uongo hata kwenye barua ambayo sitaituma. Nilijua. Kama robo saa nilikuwa najua, nikaangalia mlango wa ofisi, nikalifikiria neno la kuita, na neno halikutoka.

Aliporudi alikimbia na ndoano. Akazivuta. Sehemu kubwa ilikuwa imeliwa, na iliyobaki ilikuwa kama lesi ya kitambaa cha altare. Aliigusa kwa kidole cha glavu, ikakatika ikaanguka chini.

"Mama wa Mungu," akasema. "Hii alumini, dawa hii huila. Hii ni kama sufuria ya mke wangu. Binti, ulisema chuma."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakunifokea, bora angenifokea. Alisema tu, "Nimempiga Zygmunt akiwa amelala kitandani." Halafu akamtuma mtu anisindikize nyumbani.

Baba alisikiliza yote, akavua kofia, akaivaa tena. Akauliza kama zinapatikana nyingine. Nikamwambia waliotengeneza waliacha kabisa mambo ya mbio, na walio nazo hawaachii hata bolti. Akasema, "Basi usimwandikie. Anaishi kwa ajili ya gari lile. Mama yako naye asijue, hawezi kuficha kitu usoni. Ngoja kwanza apone."

Kwa hiyo hii nimeiandika kwa Kiingereza, usiku wa aibu yangu mwenyewe, kwa sababu kwa Kipolandi nasikia sauti ya Bibi.

G.


Hamtramck
Jumapili, 13 Desemba 1964

Mjomba wangu mpendwa,

Tunakusalimu wote. Theluji imefika kwenye magoti, Baba anaizoa kwa koleo na kuisema vibaya kana kwamba ina masikio. Mama anatengeneza mikate ya mbegu za afyuni na kukukumbuka, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiiba kingo.

Humu ndani nimekuwekea kipande cha mkate mtakatifu wa Mkesha wa Noeli. Tumekivunja kutoka kwenye chetu wenyewe ili uvunje na sisi ukiwa huko. Mama aliniambia nikutakie heri kabla ya kukitia kwenye bahasha, kama inavyotakiwa, na niwe sina neno moyoni na mtu yeyote. Nilikutakia pumzi.

Injini inazunguka. Mafuta nimetia. Panya hawajaonekana, mwambie Bwana Toivo.

Mpwa wako,
Genia


Hospitali ya Kifua, Wodi ya Pili
Jumapili, 3 Januari 1965

Mpwa wangu,

Heri ya mwaka mpya nyumba nzima. Mkate ulifika umevunjika vipande saba, nikaona ni bahati, nikagawa wodi nzima. Nilimwambia Toivo kwamba kabla ya kula lazima tusameheane. Akasema, "Nikusamehe nini? Kukoroma au kujisifu?" Nikasema vyote. Akala kama biskuti. Walutheri hawa!

Mimi naendelea. Nakula. Daktari mkuu amekuja mara mbili wiki hii badala ya mara moja, labda amependa stori zangu.

Sasa hebu. Umeniandikia injini, umeniandikia theluji, panya, mafuta. Fenda zangu hukuzigusia hata neno. Umezifunika blanketi? Theluji ikiyeyuka paa la banda huvuja upande wa kushoto. Na lile swali lako la vumbi usijali, nitafunga kitambaa puani. Nimesubiri mno kuzishika zile fenda, siwezi kumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Mbona mwandiko wako umekuwa mdogo hivi? Unabana karatasi? Andika kama mtu mwenye kitu cha kusema.

Mjomba wako,
Zygmunt


Hamtramck
Jumapili, 28 Februari 1965

Mjomba wangu mpendwa,

Hii ni ya tatu bila jibu. Mama anasema ni posta, Baba hutoka mwenyewe kuangalia sanduku la barua. Ulinisema kwa mwandiko mdogo, nami nikaanza kuandika mkubwa, na sasa wewe huandiki kabisa. Kama nimekukosea kwa lolote niambie.

Jumanne ni maandazi ya jamu, halafu Jumatano majivu. Mama ameshanunua mafuta ya nguruwe ya kukaangia. Mwaka jana ulikula kumi na moja na ukasema hayo ni ya kupasha moto injini.

Bandani kila kitu kimefunikwa.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Genia


Hospitali ya Kifua, Wodi ya Pili
Jumapili, 14 Machi 1965

Genia mwanangu,

Msamehe mjomba wako. Barua zako zote tatu nimezipata, ziko chini ya mto. Nilikuwa nimenuna, si nawe.

Nilichokuwa sikwambii ni hiki. Vidonge havikushika. Tangu Novemba wanajua, nami najua tangu Krismasi. Daktari anataka kukata pafu la kushoto. Nilimwambia hapana. Nilimwambia niliingia na mawili na nitatoka na mawili. Wiki sita nimekuwa namwambia hapana, na wiki sita Toivo amekuwa akiniita nguruwe wa Kipolandi, lakini kwa sauti ya chini, kwa hiyo nikajua mambo ni mabaya.

Halafu juzi niliota mstari. Taa, moshi wa matairi, boneti inanyanyuka mbele ya macho yangu. Niliamka nikafikiria kwamba kwenda robo maili kunahitaji sekunde kumi na mbili tu. Pafu moja linatosha sekunde kumi na mbili.

Karatasi ya kutia sahihi iko hapa kwenye kabati. Sijatia. Nataka neno moja kutoka kwako, kwa sababu wewe hujawahi kunidanganya na shemeji yangu amenidanganya mara mia. Gari liko zima? Liko vile nilivyoliacha? Nikijua liko, natia sahihi, wananikata tarehe sita Aprili. Kama halipo, kama shemeji ameliuza au banda limeanguka, niambie hilo nalo, nijue ninalalia nini.

Baada ya kisu mkono wa kushoto hautainuka kwa muda, na nitalala chali kama ubao. Toivo ndiye atakayenisomea barua. Kwa hiyo zile za baadaye andika Kiingereza, Kipolandi kwake ni kama mlio wa kuku.

Nangoja neno lako.

Z.


Hamtramck
Jumapili, 21 Machi 1965

Mjomba wangu,

Salamu za wote. Gari liko zima.

Genia


Hamtramck
Jumapili ya Pasaka, 18 Aprili 1965

Mjomba,

Kristo amefufuka. Jana tulipeleka kikapu kanisani kubarikiwa, mayai, soseji, chumvi, hata figili kali ile unayoipenda. Mama aliweka yai moja la ziada, la kwako. Alipopigiwa simu na hospitali kwamba umetoka chumba cha upasuaji ukiwa hai, alikaa kwenye ngazi na kupiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kwa hiyo uko hai. Kwa hiyo sasa naweza. Ndivyo nilivyojiambia, nikaona hata huko kungoja uokoke kwanza ni woga uleule.

Naandika Kiingereza ulivyotaka. Bwana Toivo, samahani kwamba wewe ndiye utakayelitamka hili kwa mdomo wako.

Gari si zima. Fenda zote mbili hazipo. Hazijaibiwa, hazijauzwa. Nilizipeleka mimi kwa Bwana Dudek tarehe nne Desemba azichovye zitoke rangi, ili usivute vumbi. Aliniuliza mara mbili kama ni chuma. Mara ya kwanza nilitikisa kichwa kukubali, mara ya pili nilisema kwa mdomo. Dawa ilizila mbele yangu na sikuita mtu. Bwana Dudek hana kosa, usimlaumu. Anapita nyumbani kila Jumapili baada ya misa kuuliza kama nimekuandikia, na kila Jumapili namwambia bado.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nilisema chuma kwa sababu wewe ulinifundisha. Nimeufuta huo mstari. Ulinifundisha kuficha kwa watu wa kwenye mashindano, hukunifundisha kusimama kama nguzo.

Lakini si fenda zinazoninyima usingizi. Ni lile neno la Machi. Uliniuliza ulale juu ya kitu gani nami nikakupa kitu ambacho hakipo, ukatia sahihi, wakakukata. Baba anasema nilifanya vizuri, vinginevyo ungekataa kisu na ungekufa. Labda. Sijui hesabu ya namna hiyo inafanywaje. Ninachojua ni kwamba ulisema sijawahi kukudanganya, na wakati unaandika hivyo nilikuwa nimeshakudanganya miezi mitatu.

Boneti ipo. Injini inazunguka. Mbele ya gari imebaki mifupa na waya.

Nichukie ukitaka, lakini niandikie kwamba unanichukia. Usinyamaze.

Genia


Hospitali ya Kifua, Wodi ya Pili
Jumapili, 2 Mei 1965

Mpwa wangu Genia,

Anayeandika ni Toivo, maneno ni yangu. Usimcheke mwandiko wake, aliujifunzia mgodini. Wasalimie dada na shemeji. Nimepungua upande mmoja, nikicheka nainama kushoto, kwa hiyo wamemkataza Toivo kunichekesha, na yeye hajui kufanya kitu kingine.

Barua yako ya Pasaka amenisomea mara mbili. Ya pili niliiomba mimi. Ati umezikwangua fenda mwenyewe, kwa mkono, na zimetoka laini kama karatasi! Shetani mdogo wewe. Mwezi mzima umekaa kimya kwamba unazifanyia kazi, nami nikafikiri una jambo. Ningekukasirikia, maana kazi ile niliitaka mimi, lakini nimelala hapa nazipapasa kichwani. Ulianza na ya kulia au ya kushoto? Ulipita msasa mnene kwanza? Niandikie yote, usiache hata kidogo. Niandikie zinavyokaa ukizifunga.

Juni naona haitawezekana. Tuseme Julai mwishoni.

Nachoka upesi.

Mjomba wako,
Zygmunt

*

Binti, kuanzia hapa ni mimi, Toivo. Kalala.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza, chooni, kwa sababu wauguzi waliniambia nisimshtue. Nikarudi nikakaa kitandani kwake na nikamsomea mambo ya kikapu na mayai na dada yake kwenye ngazi. Nilipofika penye gari mdomo wangu ukasema kingine. Mimi si mtu wa kutunga. Sijui yalitoka wapi.

Daktari ameniambia, kwa kuwa hakuna ndugu karibu, kwamba pafu la kulia nalo limeshashikwa na ugonjwa. Alisema wiki, si miezi. Mama yako watampigia simu. Zygmunt hajaambiwa, ila nadhani anajua, anaposema Julai hunitazama usoni.

Sina haki ya kukunyima kusema kweli. Nimelifikiria hilo siku nne. Ukitaka ajue, mwandikie kwa Kipolandi. Siwezi kuisoma na sitaizuia. Nitaishika karatasi mbele ya macho yake mpaka amalize. Ukiandika kwa Kiingereza, nitajua nisome nini.

T. Lahti


Hamtramck
Jumapili, 16 Mei 1965

Mjomba wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwa kila mtu. Mama anakuja huko kwa basi Jumatano, amekuchukulia soseji ingawa wamemkataza, ameishona ndani ya bitana ya koti. Atakapokuinamia usishangae harufu. Baba amepewa ruhusa ya siku mbili kazini naye atafuata. Mimi nilimwandikia mkuu wa hospitali aniruhusu kabla ya Agosti. Alijibu kwa heshima sana kwamba hapana.

Sista Kunegunda aliniita nisome mbele ya darasa, nami nikasoma. Sauti ilitetemeka lakini ilifika mpaka mstari wa nyuma. Hakuna aliyecheka. Nilidhani ungependa kujua.

Umeniuliza nilianza na ya upande gani. Ya kushoto, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebanduka zaidi. Msasa mnene kwanza, halafu mwembamba, halafu mwembamba kabisa na maji, vumbi likawa tope na halikupaa hata kidogo. Chini ya nyekundu kulikuwa na buluu, chini ya buluu rangi ya kijivu ya kiwandani, na chini ya hiyo zikaanza kung'aa. Penye mkunjo wa juu ya taa nilitumia vidole vitupu, kitambaa kilikuwa kinaruka pale. Kuna kibonyeo kidogo nyuma ya gurudumu la kulia, mtu wa kwanza aliyelimiliki gari labda aligusa ukuta. Nimekiacha. Ukikipitisha kidole unakisikia, ukikitazama hukioni.

Jana tulizifunga. Baba alishika upande wa mbele, mimi nikaingiza bolti kwa mkono kwanza, zote, ndipo spana. Nafasi kati ya fenda na mlango inaingia kidole kimoja juu mpaka chini, pande zote mbili. Baba alirudi nyuma akatazama, akasema, "Huyu ndiye fundi, Zygmunt ni dereva tu." Nimekuletea maneno yake ili uwe na la kumjibu.

Nyeupe tutapiga wiki hii kukiwa hakuna upepo. Bwana Dudek ametukopesha bomba la kupulizia. Gari likishakauka nitalisukuma mpaka kwenye mwanga, nikuandikie linavyoonekana.

Nakupenda, Mjomba.

Genia

Bwana Toivo, ya Kipolandi niliiandika pia, kurasa mbili. Imebaki hapa. Tafadhali, pale penye nafasi ya kidole, msomee polepole.